Fangasi kwa mbwa na mifugo: tupeane uzoefu, hasa tulioko Dodoma

Wa Nkuhungu (mleta mada):
Wadau, mbukwenyi. Naanza na yangu. Nina mbwa wa ulinzi, koko tu wa kawaida. Mwezi wa sita, na vumbi letu hili mnalijua, akaanza kunyonyoka manyoya nyuma ya sikio. Kiduara kama sarafu, pembeni magamba ya kijivu. Jirani akasema huo upele, paka oili chafu ya gari. Nikapaka. Akajilamba usiku kucha, asubuhi anatapika, chakula hataki hata kukiona.

Daktari wa mifugo akakwangua ngozi, akang'oa na vinywele vya ukingoni mwa kidonda, akaangalia kwa hadubini. Utitiri wa upele hakuna, ni fangasi. Wakati huo mwanangu wa darasa la pili ana mapunye kichwani na mimi nina kiduara mkononi, na hakuna aliyewahi kuunganisha hayo mambo! Tukatibiwa wote kwa mpigo. Mbwa alipewa griseofulvini, dawa ya fangasi ya kumeza, nikawa nampa pamoja na kipande cha mafuta ya ng'ombe kwa sababu bila mafuta mwili hauinyonyi vizuri. Wiki sita. Nyie je?

Wa Kisasa:
Kwangu alikuwa paka. Yeye mzima kabisa, manyoya yanang'aa, ila kila mtoto anayelala naye anatoka viduara. Tukamulika kwa ile taa ya zambarau, hakuna kilichong'aa, tukashangilia. Kumbe si kila fangasi anang'aa kwenye ile taa. Vipimo vya manyoya ndivyo vilivyomuumbua.

Mfugaji Bahi:
Huku ni ndama. Wakibanana zizini masika, utawaona wamevaa miwani: ukoko mweupe kuzunguka macho, unapanda hadi shingoni, mkavu kama wa ugali uliobaki sufuriani. Mzee wangu alikuwa anawatoa tu juani na kuwalisha vizuri, na wengi walipona wenyewe ndani ya miezi mitatu hivi. Mimi nikajiona nimemaliza. Msimu uliofuata ndama wapya kabisa, ugonjwa uleule. Vimelea vilikuwa kwenye nguzo wanazojikunia, vinaweza kukaa pale zaidi ya mwaka. Nguzo nilibadilisha zote. Na kijana anayewashika wakati wa kukamua sasa anavaa glavu, ingawa alinicheka sana mwanzoni.

Wa Chamwino:
Mleta mada, hiyo griseofulvini msimpe mbwa mwenye mimba, watoto wanazaliwa na kasoro. Nami niongeze krimu za kuchanganya zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza wekundu na muwasho. Nilimpaka mbwa wangu, wekundu ukaisha siku mbili, nikatamba mtaa mzima. Wiki ya pili kiduara kimekuwa sahani.

Wa Kizota:
Mnaisema vibaya oili bure. Mimi imeniponyeshea mbwa watatu.

Wa Nkuhungu (mleta mada):
Kaka, walipimwa ukajua walikuwa na nini? Na hawakujilamba?

Wa Kizota:
Hawakupimwa. Niliwafunga ndoo iliyotobolewa shingoni.

Mfugaji Bahi:
Hiyo ya ndoo naichukua. Oili baki nayo.