Fundi kaiambia antivirusi isikague draivu C nzima. Ni sawa?

Mwenye duka, Chake Chake: Assalaam alaykum. Antivirusi imeifuta programu yangu ya stoo, eti ina virusi, na mie naitumia miaka mitatu. Fundi kaja, kaamuru draivu C yote, ndimo zilimo Windows na programu, isikaguliwe, kachukua elfu kumi. Programu inakwenda. Lakini roho haitulii.

Fundi, Mkunazini: Wa alaykum salaam. Na isitulie, dada. Huyo hakutibu, kamfukuza mlinzi. Antivirusi hukosea, kweli: programu ya watu wachache, isiyo na saini ya kidijitali ya aliyeitengeneza, hushukiwa upesi. Basi faili likae karantini, yaani lifungiwe lisifanye kazi, ulipandishe kwenye tovuti ya VirusTotal, antivirusi nyingi zilikague. Ila lenye data za wateja usilipandishe, kule wengine hulishusha. Muulize aliyeitengeneza, watumie wenye antivirusi walichunguze. Likithibitika safi, ruhusu faili hilo moja, basi. Mafundi wa Darajani hawa wanaua mashine za watu.

Darajani: Rudia ulilosema! Duka liko Chake, fundi wa Chake, Darajani inaingiaje? Mie nimekaa na kompyuta za watu miaka kumi na mbili, sijaruhusu draivu nzima hata siku moja.

Mtoto wa Wete: Ahaa, kwa hiyo ubovu ni wa Pemba? Nyie wa mjini ndio mnaotuletea flashi zenye kreki, programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, folda zote zinageuka shotikati, vialama vya njia ya mkato tu.

Darajani: Sijasema Pemba. Nimesema Chake.

Mtoto wa Wete: Na Chake iko Tumbatu?

Mwalimu wa skuli, Mwanakwerekwe: Kreki hizo hizo! Maelezo yake huanza na "zima antivirusi kwanza". Wanafunzi wangu wanatii, kazi zao zinapotea. Inaniuma.

Baharia: Mie namuunga mkono fundi wa elfu kumi. Antivirusi yenyewe iliwahi kuangusha mashine dunia nzima, 2008 kama sikosei.

Fundi, Mkunazini: Aprili 2010, ya McAfee. Ilishika svchost.exe ya Windows XP, faili la mfumo wenyewe, mashine zikawa zinazima na kuwaka. Sasisho bovu lile, likarekebishwa. Ukiteguka mguu hukati mguu, yakhe.

Baharia: Mguu wangu uache.

Mwenye duka, Chake Chake: Jamani, nimeuliza draivu, mnanijibu visiwa. Naitoaje hiyo C?

Darajani: Kama antivirusi yako ni ile ya Windows yenyewe, fungua Windows Security, ingia ulinzi wa virusi, kwenye mipangilio teremka mpaka chini, kuna orodha ya visivyokaguliwa. Itoe C. Kisha kagua mashine nzima kabla hujachomeka flashi yoyote. Programu ikishikwa tena, usiirudishe mpaka ithibitike. Na likija toleo jipya, likaguliwe upya, ruhusa ya zamani isilibebe.

Fundi, Mkunazini: Hapo umesema kweli.

Darajani: Na lile neno lako ulifute.

Mtoto wa Wete: Na la Chake pia.