Darasa la III, watoto sita hawasomi: kikundi kidogo kiendeshweje?

Chaki_Moja: Habari walimu. Darasa lina wanafunzi 74. Sita wanazijua herufi, ila neno refu linawashinda: "kitambaa" wanasoma "kitabu". Hesabu za mdomo hawana shida. Nimepewa nusu saa kila siku kabla ya vipindi vya mchana. Niwaweke wote pamoja?

Mwl_Silabi: Usianze kufundisha, pima kwanza. Hakikisha macho na masikio ni mazima. Kisha mmoja mmoja, pembeni, asome silabi 20, maneno 10 na aya fupi. Usimsahihishe, andika alichotamka. Gawa kwa aina ya kosa, siyo kwa alama. Wanaodondosha sauti ya mwanzo (mbuzi inakuwa "buzi", ndizi "dizi") wakae kwao, wanaobahatisha kwa silabi ya kwanza kwao. Watatu watatu, dakika 15 kila kundi. Ukiwachanganya sita, mwepesi mmoja atawajibia wote na hutajua nani kasoma.

Anayesema "kula" palipoandikwa "kura", angalia kwanza lugha ya nyumbani. Kama nusu ya darasa wanatamka hivyo, hiyo ni lafudhi tu.

Bi_Kadi: Vifaa: vizibo vya soda, vitano kwa kila mtoto, na chaki. Tamka "kitambaa", asogeze kizibo kimoja kwa kila silabi. Ki-ta-mba-a, vinne. Wengi watasogeza vitatu, maana "a" ya mwisho wanaisikia kama mvuto wa ile ya kabla yake. Hapo ndipo pa kukaa, hata kama dakika tano nzima zitaishia kwenye neno hilo. Akishapata, aandike kila silabi sakafuni chini ya kizibo chake, aondoe vizibo, asome kwa kupitisha kidole bila kukata.

Silabi mpya moja kwa siku inatosha. Herufi b na d zinafanana, msizifundishe ndani ya wiki ileile, jamani! Malizia na maneno ya kubuni: "limbafe", "sandupi". Anayebahatisha atasema "sanduku" papo hapo.

Mwl_Silabi: Naongezea. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma, usiotokana na akili ndogo) anaweza kufika mahali akasoma sahihi, lakini polepole mno. Ukihesabu makosa tu utadhani kapona. Kila Ijumaa mpe aya ambayo hajaiona, asome dakika moja huku ukitazama saa, hesabu maneno sahihi. Wiki sita bila kusogea, mpelekee afisa wa elimu maalumu wa halmashauri karatasi hizo zote. Maneno "hajui kusoma" peke yake hayamsaidii kitu.

Chaki_Moja: Asanteni. Na majaribio ya sayansi?

Bi_Kadi: Msomee maswali, ajibu kwa mdomo, uandike wewe. Unapima sayansi pale.