Wana wa Bibi Zaituni, Kibuli

Jumapili

Halima (Minneapolis) 19:42
Assalamu alaykum ukoo. Rehema amenipa ruhusa niulize hapa, maana siku zake za kujifungua zimebaki wiki tatu. Huku niliko kuna wanawake wanaochukua kondo la nyuma la mzazi, wanalipika kwa mvuke, wanalikata vipande vyembamba na kulikausha kwenye mashine. Likikauka wanalisaga, unga unatiwa kwenye kapsuli, mzazi anameza kila siku. Wanasema linarudisha damu, linaongeza maziwa na linazuia huzuni. Jirani yangu alifanya. Kampala kuna anayeifanya kazi hiyo?

Baba Mdogo Idi 19:47
Wa alaykum salaam. Halima, kondo huzikwa. Mwili wa mwanadamu hauliwi, hata ukiusaga. Jambo hilo liishie hapo.

Zubeda (Bombo) 19:49
Banange! Kondo lenyewe lile?

Zubeda (Bombo) 19:50
Nilipomzaa Rashidi mkunga alinionyesha langu. Kubwa kama sahani ya wali, zito karibu nusu kilo. Siku mbili nyama haikunipita kooni.

Halima (Minneapolis) 19:53
Zubeda, ni unga ndani ya kapsuli, husikii ladha. Mbuzi akizaa analila, ng'ombe analila. Na huku hata watu maarufu wanafanya, Kim Kardashian alisema mwaka 2015 kwamba alimeza lake.

Baba Mdogo Idi 19:54
Sisi si mbuzi.

Zubeda (Bombo) 20:06
Nimempigia Bibi, hajui kuandika kwenye simu. Maneno yake haya, nimeyaandika kama alivyosema:
"Halima mwanangu, kondo ni mwenzake mtoto. Waganda tuliozaliwa kati yao wanaliita pacha wake, wanalizika kwenye shina la mgomba. Sisi nasi tumezika. La baba yenu liko nyuma ya jiko langu, la Rehema liko hatua tatu kutoka hapo. Lakini mimi nataka kujua kitu kimoja. Nani amemwacha mtoto wa nyumba hii apungukiwe mpaka atafute nguvu kwenye kondo lake?"

Shangazi Mwanaisha 20:31
Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote. Idi, punguza ukali. Mtoto ameuliza kwa adabu, tumjibu kwa tunachokijua.

Shangazi Mwanaisha 20:38
Halima, hayo ya damu yamepimwa. Chuo kikuu cha Nevada huko Las Vegas waliwachukua wazazi 23. Wengine wakapewa kapsuli za kondo, wengine kapsuli za nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, na hakuna aliyejua amepewa ipi. Matokeo yalitoka 2016: madini ya chuma mwilini hayakutofautiana kwa maana. Wakafanya tena kwa wazazi 27 kuangalia huzuni, uchovu na mapenzi ya mama kwa mtoto. Hapo pia hawakuona tofauti ya kushikika. Ni watu wachache, najua, lakini ndio uchunguzi uliofanywa kwa haki.

Na wanyama uliowataja, ni kweli wanakula. Watu ni habari nyingine. Watafiti wa chuo hicho hicho walipekua kumbukumbu za jamii 179 za dunia, hawakukuta hata moja ambayo mama mzazi kula kondo lake ni desturi. Wachina wana unga wa kondo kwenye dawa zao za zamani, wanauita ziheche, ila huo ni dawa ya maradhi mbalimbali, si desturi ya mama kula kondo lake. Kuzika ndiko kunakojulikana, kama Bibi alivyosema.

Halima (Minneapolis) 20:41
Basi hata kama haisaidii, haidhuru, Shangazi. Rehema akijisikia vizuri kwa kuamini tu, si kheri?

Shangazi Mwanaisha 20:47
Inaweza kudhuru, na hapo ndipo siwezi kunyamaza. Mwaka 2016 huko huko Marekani, jimbo la Oregon, mtoto alizaliwa akapata bakteria wa streptokoka kundi B kwenye damu. Wakamtibu kwa sindano, akapona, akaenda nyumbani. Siku tano baadaye karudi na bakteria yule yule. Maziwa ya mama yakapimwa, safi. Ndipo wakagundua mama alikuwa anameza kapsuli za kondo lake, mbili mara tatu kwa siku. Zikapimwa, bakteria yumo ndani. Mtoto alipona mara ya pili, lakini kituo chao cha kudhibiti magonjwa kikaandika 2017 kwamba kapsuli hizi ziepukwe. Hakuna kiwango kilichowekwa cha joto wala muda wa kukausha, kila mtu anafanya ajuavyo jikoni kwake.

Sasa ulifikirie hapa kwetu. Kondo limekaa kwenye ndoo ya wodini saa ngapi? Na huyo anayelisaga, mashine yake jana ilisaga la nani? Homa ya ini ya B ipo, ukimwi upo. Mimi huvaa glavu kulishika, halafu wewe ulimeze?

Zubeda (Bombo) 20:50
Hilo la mashine sikuliwaza kabisa.

Shangazi Mwanaisha 20:52
Damu Rehema ataipata kwenye vile vidonge vyekundu vya kliniki vinavyotolewa bure. Asivimeze na chai, chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Avimeze na maji ya chungwa. Na ale dagaa wa mukene, maharage, na mboga za majani, dodo na nakati. Maziwa yanaongezwa na mtoto mwenyewe akinyonya mara nyingi, usiku na mchana.

Rehema 21:04
Shangazi, ahsante. Niko hapa, nimekuwa nasoma. Damu sikuwa na wasiwasi nayo. Mimi nilitaka hicho cha huzuni.

Rehema 21:09
Acha niseme, maana Halima amekuwa akinibebea peke yake.
Nilipomzaa Twaha mlikuja wote, siku saba nyumba ilijaa. Mlileta supu, mkamwogesha ekyogero, yale maji ya mitishamba. Wageni walipoondoka nikaanza kulia kila magharibi. Mtoto akilia nilisikia kama analia nyumba ya jirani. Wiki ya tano nilimwacha kitandani nikatoka, nikajikuta barabarani Nsambya sina viatu. Mwanamke muuza ndizi ndiye alinirudisha.
Kwa wakwe zangu kuna aliyesema ni amakiro. Mnajua maana yake. Musa hakunishtaki, lakini tangu siku hiyo hakuniuliza kitu. Mimi nikanyamaza miaka mitatu. Nipeni chochote, kondo, majani, chochote, mradi nisirudi pale barabarani.

Zubeda (Bombo) 21:11
Dada yangu 😢 Na mimi nilikuwa nakuambia umekonda kwa sababu hauli.

Halima (Minneapolis) 21:12
Sasa mnajua kwa nini niliuliza.

Baba Mdogo Idi 21:16
Rehema mwanangu, nisamehe. Nilijibu swali ambalo hukuuliza.

Shangazi Mwanaisha 21:24
Rehema, nisikilize mimi mkunga, na mimi dada ya baba yako.
Wazee walisema amakiro humpata mwanamke aliyetoka nje ya ndoa akiwa na mimba, na kwamba mwisho atataka kumla mtoto wake. Wanawake wangapi wamefichwa chumbani kwa neno hilo. Ni ugonjwa. Kulia siku za mwanzo huwapata wazazi wengi na ndani ya wiki mbili huisha. Kinachoendelea mpaka wiki ya tano ni sonona, na sonona ina matibabu. Kuna dawa ambazo mama anameza huku ananyonyesha. Uaminifu wako kwa Musa hauhusiki hata kidogo.

Tulifundishwa chuoni habari za daktari mmoja Mwingereza, John Cox. Alifanya kazi Makerere miaka ya 1970, akaandika kuhusu amakiro mwaka 1979. Aliporudi kwao, yeye na wenzake wa Edinburgh wakatunga maswali 10 ya kumuuliza mzazi hali ya moyo wake, wakayatoa 1987. Leo yanaulizwa dunia nzima. Yametoka kwa mtu aliyekaa na wazazi wa hapa kwetu, Rehema. Hukuwa wa kwanza.

Aliyewahi kupata anaweza kupata tena, sikufichi. Ndiyo maana tunaanza leo, wiki tatu kabla.

Zubeda (Bombo) 21:27
Na lingine. Watu wale wale waliosema amakiro, wakisikia umemeza kondo watasema nini? Watasema si tuliwaambia, ameanza kumla mtoto.

Halima (Minneapolis) 21:29
Ya Allah. Hilo mimi huku sikuliona. Nimeacha, Shangazi. Hela niliyokuwa nimeiweka kwa kapsuli natuma kesho, apatikane msichana wa kumsaidia usiku.

Baba Mdogo Idi 21:31
Kwa Musa nitakwenda mwenyewe, kesho baada ya alasiri. Tutaongea wawili tu. Nitamweleza ugonjwa ni nini.

Zubeda (Bombo) 21:36
Bibi tena:
"Arobaini yote ataikalia kwangu, na Twaha aje. Mimi usiku silali siku hizi, nitamshika mtoto. Kondo mniletee kwenye mkebe wenye mfuniko, mgomba wa Rehema bado una machipukizi, tutalizika hapo hapo. Na mumwambie Rehema: akilia, alie na mimi nimekaa karibu."

Shangazi Mwanaisha 21:38
Wodini ukiliomba mapema wanakupa. Usipoomba linakwenda kwenye shimo lao. Nitaandika kwenye kitabu chako cha kliniki.

Rehema 21:41
Sijui niseme nini. Shangazi, nitumie hayo maswali 10. Twaha amelala, Musa hajarudi, nitayajibu sasa.

Shangazi Mwanaisha 21:42
Siyatumi. Nayaleta, tutayajibu pamoja. Nimeshapanda boda, usifunge geti.