Watazamaji wanafuata ukuta, hawaingii katikati ya kazi yangu ya sanaa. Nirekebishe wapi?

plaiwudi_na_kivuli
Wakuu, chumba ni mita 9 kwa 12. Mlango wa kuingilia na wa kutokea inatazamana kwenye kuta fupi. Nimesimamisha paneli 14 za plaiwudi, kimo mita 2.4, kwa mistari miwili. Watu wanachungulia tu, kisha wanaambaa na ukuta hadi mlango wa pili. Niongeze paneli?

korido
Usiongeze hata moja. Mtu akiuona mlango wa kutokea tangu anapoingia, miguu inaelekea huko. Hamisha paneli mbili zizibe mlango huo machoni, kama mita 2.5 kutoka anapoingilia. Ukizisogeza karibu zaidi, watu watarundikana mlangoni.

Halafu funga upenyo kati ya paneli na ukuta. Usidhani sentimita 30 zitamzuia mtu: msanii wa Marekani Bruce Nauman alijenga korido ya upana huo mwaka 1970, na watu huipita kiubavu. Acha 15.

Njia ya katikati ianze na sentimita 150, ibanwe taratibu hadi 90, kisha ifunguke ghafla. Pale penye 90 hatua hupungua zenyewe, na kiti cha magurudumu bado kinapita. Kwenye kona rudisha 150, la sivyo hakitageuka.

plaiwudi_na_kivuli
Asante sana. Na nikiziinamisha paneli kama kuta za chuma za mchongaji Richard Serra kule Bilbao, Hispania?

uzito_chini
Inafanya kazi, maana macho huchukulia ukuta kuwa wima, na ukuta ukiinama, mwili hupoteza mizani kidogo. Nyuzi 5 zinatosha: ncha ya juu itatoka nje kwa sentimita 21. Lakini kitako kirefushwe upande unaolalia na kifungwe kwa bolti sakafuni. Watu wataegemea, hilo halina mjadala.

Ila usimlazimishe mtu mzunguko bila njia ya mkato. Tilted Arc ya Serra huyohuyo, ukuta wa chuma wa mita 36 uliowekwa New York mwaka 1981, ulikata uwanja ambao wafanyakazi wa ofisi waliuvuka kila siku. Malalamiko hayakukoma, na mwaka 1989 ukakatwa na kuondolewa. Kwangu ni hasara kubwa kwa sanaa, lakini anayepita kazini si sawa na aliyekuja kutazama.

korido
Kabla ya kutoboa sakafu, jaribu kwa maboksi matupu na tepu ya karatasi. Weka watu watano wasiojua mpango, chora njia ya kila mmoja. Wakisita mahali pamoja, hapo ndipo pa kuhamisha paneli. Na mlango wa dharura usiuguse.