Nimehamia kwenye baridi na mizinga yangu, je, nizibe matundu yote?

Mrinaji_Uani: Wakuu, salaam. Miaka minne nimefuga nyuki bondeni, adui zangu wakiwa jua na sisimizi. Sasa nimehamia milimani, usiku maji ya ndoo yanaganda. Nina mizinga miwili nyuma ya nyumba. Jirani (yeye hufuga kuku) kanishauri nizibe kila upenyo kwa matambara, nikaziba. Leo nimefunua kifuniko, chini yake kumejaa matone na nyuki kadhaa wamekufa sakafuni. Nimekosea wapi?

NtaMbichi: Mkuu, umewalowesha. Baridi peke yake haiwaui upesi. Wanajikusanya fungu moja, wanatetemesha misuli ya mabawa, na penye majana (watoto wa nyuki) joto linabaki karibu nyuzi 35. Lakini kazi hiyo inakula asali, na asali ikiliwa hutoa mvuke. Mvuke ukigonga kifuniko cha baridi unageuka maji na kuwadondokea. Toa matambara, acha upenyo mdogo juu, inamisha mzinga kidogo upande wa mlango ili maji yatoke.

MzeeWaMasega: Upenyo wa juu sikubaliani nao, unapoteza joto bure. Mimi naweka sponji nene chini ya kifuniko kisipoe, mlango wa chini unatosha. Hilo la kuinamisha ni sawa. Na usifungue tena, mwanangu! Inua mzinga kwa nyuma kwa mkono mmoja usikie uzito. Baridi ikidumu miezi, kundi linaweza kuhitaji kilo 20 hadi 30 za asali. Uliwaachia kiasi gani?

Mrinaji_Uani: Hapo umenishika, mzee. Nilirina karibu masega yote kabla ya kuhama. Bondeni maua hayakosekani muda mrefu.

MzeeWaMasega: Basi matone ni tatizo dogo. Hao wana njaa.

NtaMbichi: Kwenye hili niko na mzee. Usiwape maji ya sukari sasa, kwenye baridi hawayanywi na unaongeza unyevu. Tandaza karatasi juu ya viunzi (fremu zinazobeba masega), mwaga sukari kavu, funika haraka. Fanya mchana jua likiwaka.

Kijukuu: Samahani kudandia uzi. Huku kwangu ni joto, jioni nyuki wananing'inia mlangoni kama ndevu. Wanataka kuhama?

NtaMbichi: Si lazima. Wanatoka nje kupunguza joto ndani, maana nta ikifika nyuzi 40 hivi inalegea na sega zito linaweza kukatika. Panua mlango, tafuta kivuli cha mchana, weka beseni la maji lenye mawe ya kutua wasizame. Maji hayo wanayapaka ndani na kuyapepea. Kuhama huja wakikosa maji, au ukiwarina hadi tone la mwisho kama mwenzetu hapo juu 😀

Mrinaji_Uani: Nimestahili. Nimeinua yote miwili: mmoja mzito, wa pili kama debe tupu. Naenda kuchukua sukari, jua bado lipo.