Skrubu za mazabodi zinazunguka bila kushika: zikazwe kwa nguvu kiasi gani?

Chamwino_IT
Wakuu, tunaunganisha kompyuta za mezani za maabara ya sekondari huku Chamwino. Vijana wanakaza kwa drili ya betri. Skrubu kadhaa za mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) zinazunguka tu, nyingine ukizifungua zinatoka na kinguzo chake cha shaba (kile kiguu kinachoinua bodi ndani ya kesi). Nguvu sahihi ni ipi, na bila bisibisi ya torki (inayopima nguvu ya kuzungusha) tutaipimaje?

nyota_PH2
Drili wekeni pembeni. Namba za klachi yake si Nm (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na kwa kasi ile mkono hauwahi kuhisi kichwa kikigusa bodi. Skrubu za mazabodi, za saizi ya M3 au 6-32, zinatosheka na 0.5 hadi 0.6 Nm. Ile ndogo ya M2 inayoshika SSD ya M.2 (kadi nyembamba ya kuhifadhi data), 0.2 hivi. Diski ya inchi 3.5 isizidi 0.7, na skrubu ya ubavuni isiingie ndani zaidi ya mm 3.5.

Ila hizo zinazozunguka, nashuku zimechanganywa. M3 ina unene wa mm 3 na jino kila mm 0.5, 6-32 ni mm 3.5, jino kila mm 0.79. M3 kwenye tundu la 6-32 inaelea. 6-32 ikilazimishwa kwenye tundu la M3 inakula meno ya shaba, na kinguzo hicho ni cha kutupa. Laza skrubu mbili ubavu kwa ubavu: meno yakilaliana bila mwanya, ni aina moja.

Ipagala_fundi
Kipimo cha bure hiki hapa. Simamisha kesi ili bisibisi ilale mlalo. Funga kijiti kwenye mpini wake, urefu sawa pande zote mbili, kisha ning'iniza chupa ya maji ya nusu lita sm 10 kutoka katikati ya mpini. Hiyo ni 0.5 Nm. Iache chupa yenyewe ivute kijiti. Kikiinama sana nguvu inapungua, kwa hiyo chomoa bisibisi, kirudishe mlalo, rudia mpaka kisisogee. Kwa M2 sogeza chupa hadi sm 4. Kila kijana akaze kadhaa hivyo, halafu ajaribu kwa vidole vitatu bila chupa.

Kuhusu vinguzo: vikazwe kwanza kwa soketi, nyingi ni mm 5, kabla bodi haijaingia. Skrubu anzisha kwa kurudisha nyuma kidogo mpaka isikike "tik", ndipo uingize. Zishikishe zote kwanza, kisha kaza kwa mkingamo (kona moja, halafu ile inayoikabili kwa mshazari). Ukimaliza kona moja peke yake bodi inapinda, na kapasita ndogo za kauri hupasuka ufa usioonekana kwa macho.

Chamwino_IT
Asanteni. Nyingine zinaingia kwa shida tangu mwanzo. Tupake mafuta?

nyota_PH2
Hapana. Hilo ni vumbi letu la kiangazi. Msuguano unakula nguvu yote, mkono unahisi imekaza kumbe kichwa hakijabana bodi. Piga brashi kavu kwenye meno na tundu. Mafuta yanageuza kosa upande wa pili: kwa 0.5 Nm ileile skrubu inavuta zaidi, na shaba ndiyo inayoachia.

Ipagala_fundi
Na skrubu za kipozeo cha prosesa zenye springi hazihitaji chupa. Zungusha mbili mbili kwa mkingamo mpaka zigote, basi. Zikigota usiongeze.