Tupeane uzoefu: televisheni ya Marekani ya 1956 hadi 1960 na namna ilivyotufikia

Mwanzisha mada (Silver Spring, Maryland)

Salaam kwenu nyote. Naomba tupeane uzoefu kuhusu utangazaji wa televisheni wa Marekani katika miaka ya mwisho ya hamsini, tuseme kuanzia 1956 hadi 1960. Najua kwamba karibu wote hatukuwapo. Kenya ilipata televisheni 1962, Zanzibar 1973, na Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994, ilhali kwa Wamarekani, kufikia 1960, karibu nyumba tisa katika kila kumi zilikuwa na seti sebuleni. Hata hivyo wapo kati yetu ambao kazi, wazazi au mapenzi ya ufundi yamewakutanisha na enzi hiyo, na hao ndio ninaowaomba wasimulie walichokishika kwa mikono yao au kukisikia kwa masikio yao.

Nitaanza mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiandika manukuu ya Kiingereza kwenye picha za zamani ili viziwi waweze kuzifuata. Nyingi nilizoletewa za miaka hiyo ni kineskopu, yaani filamu iliyopigwa kwa kuielekeza kamera kwenye kioo cha televisheni wakati kipindi kikiwa hewani. Sababu yake ni jua. New York inapofika saa mbili usiku, Los Angeles ni saa kumi na moja jioni, na mashirika makubwa matatu, NBC, CBS na ABC, yalitaka mtazamaji wa magharibi naye aone kipindi kwa saa yake ya mapumziko. Kwa hiyo kipindi kilichezwa mubashara New York, kikapokelewa California, kikapigwa filamu, na filamu hiyo ikasafishwa mbio mbio ili irushwe saa tatu baadaye, mara nyingine ikiwa bado na joto la mashine. Ndiyo maana picha hizo zina ukungu na nyuso za rangi ya majivu.

Kampuni ya Ampex ya Redwood City, California, ndiyo iliyoleta nafuu. Ilionyesha mashine yake ya kanda za video mjini Chicago Aprili 1956, na tarehe 30 Novemba mwaka huo CBS ikaitumia hewani kwa mara ya kwanza, kuwarushia watu wa magharibi taarifa ya habari ya Douglas Edwards. Kanda ilikuwa na upana wa inchi mbili, na vichwa vinne vya kurekodi vilizunguka mara 14,400 kwa dakika. Fundi mmoja mstaafu alinionyesha jinsi walivyoiunga: alipaka maji yenye unga wa chuma ili mistari ya sumaku ijitokeze, akaitazama kwa hadubini, kisha akaikata kwa wembe kwenye mstari ule ule alioutaka. Akikosea kwa unene wa unywele, picha inaruka.

Lakini kilichonifanya nifungue mada hii ni kipindi cha Playhouse 90 cha tarehe 16 Aprili 1959, mchezo wa kuigiza juu ya kesi ya mahakimu wa Kinazi kule Nuremberg. Nilikuwa na hedifoni masikioni. Claude Rains, anayeigiza hakimu, anazungumza kwa uzito, na ghafla sauti inakatika huku midomo yake ikiendelea kusogea. Nikadhani waya umelegea. Nikarudisha nyuma nikasikiliza mara tatu. Kumbe mmoja wa wadhamini alikuwa American Gas Association, chama cha kampuni za gesi, na hakutaka neno gesi lisikike katika habari ya Wayahudi waliouawa kwa gesi, hivyo CBS, iliyokuwa ikirusha kipindi hicho, ikalifunga. Kanuni ya kazi yangu ni kwamba kiziwi apate kile anachokipata msikiaji, wala si zaidi. Nikaandika kwenye mabano kwamba sauti imekatwa, nikaendelea. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilikumbuka kwamba viziwi wengi husoma midomo. Huenda mwaka 1959 wao ndio waliolipata neno lile.

Binti wa Mji wa Kale (Toronto)

Ahsante sana kaka yangu kwa kufungua mada hii. Marehemu baba yangu alitoka Mombasa mwaka 1958 kwenda kusoma Pennsylvania, na barua alizomwandikia mamake, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, shangazi amezihifadhi hadi leo katika mkebe wa biskuti. Neno televisheni lilimtesa. Mara ya kwanza ameliandika kwa fe ya kawaida, na katika barua ya tatu ameiongezea fe ile nukta mbili, zikawa tatu, ili isomeke ve.

Bwenini kwao seti ilikuwa moja, kwenye chumba cha pamoja, na wanafunzi wakiketi sakafuni. Kazi ngumu kwake ilikuwa kumweleza mamake maana ya mubashara. Sinema nyanya aliijua, kwani Mombasa sinema zilikuwako, lakini baba anamrudia mara mbili mara tatu kwamba huyu mtu ndani ya kioo hakupigwa picha mwaka jana. Sasa hivi, wakati mwanao anamtazama, yuko New York anatokwa na jasho kwa ukali wa taa, na akikosea, kosa lake tunaliona sote. Nyanya alijibu akiuliza kama mtu yule naye anawaona.

Barua niipendayo kuliko zote inamhusu Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Katika ziara yake ya Marekani ya mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 28, Mboya alihojiwa kwenye Meet the Press ya NBC, kipindi ambacho wakati ule waandishi wa habari walimkabili mgeni mmoja na kumhoji bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Baba anaandika kwamba chumba kilichokuwa na kelele kilinyamaza, na kwamba mwenzake mmoja alimgeukia akamuuliza kama watu wote wa kwao huzungumza namna ile. Jibu alilompa hakuliandika. Ameandika tu: "Mama, siku hiyo sikuzima taa mpaka alfajiri." Septemba ya mwaka huo huo ndege iliyowaleta wanafunzi 81, ambayo Mboya alihangaika kuitafutia fedha, ikatua New York, na baba akapata wa kusema naye lugha yake.

Zipo barua zisizo na furaha. Anasema wiki hadi wiki aliwatafuta kiooni watu wa rangi yake, akawaona wakifungua milango na kubeba sinia. Kipindi cha mwimbaji mweusi Nat King Cole, kilichoanza NBC Novemba 1956, kilikuwa kimekwisha Desemba 1957, kabla baba hajafika, kwa kukosa mdhamini wa kitaifa, maana makampuni yaliogopa kuwaudhi wanunuzi weupe wa kusini. Wenzake weusi walimsimulia habari hiyo kama watu wanavyosimulia msiba wa jirani. Kwa hiyo mtaelewa kwa nini, CBS ilipompa Harry Belafonte, naye mwimbaji mweusi, saa nzima tarehe 10 Desemba 1959, baba alivaa suti yake ya Idi kwenda kukaa mbele ya kioo.

Mhudumu (Minneapolis)

Mimi nawahudumia wazee majumbani kwao. Kwa miaka miwili nilimhudumia mzee aliyekuwa mpiga picha katika kituo kidogo cha televisheni cha Ohio tangu 1955. Kumbukumbu ilikuwa imemtoka. Jina langu alilisahau kila asubuhi, nami kila asubuhi nilimtajia. Lakini mkono wake wa kulia haukuacha kusogea juu ya blanketi, ukizungusha kitu robo mzunguko, unatulia, unazungusha tena. Daktari alidhani ni ugonjwa wa neva. Binti yake ndiye aliyetueleza kwamba kamera za RCA za wakati ule zilikuwa na lenzi nne mbele, zimepangwa kwenye sahani, na mpiga picha alizibadilisha kwa mpini wa nyuma: moja ya kuona jukwaa zima, nyingine ya kusogeza uso karibu. Ilibidi asubiri mwongozaji ahamie kamera ya pili, kwa sababu akizungusha akiwa hewani nchi nzima inaona picha ikipinduka.

Siku moja alipokuwa na nafuu alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama anayemfundisha mwanagenzi. Usiiache kamera ikitazama kitu kimoja cha kung'aa kwa muda mrefu, akasema, kwa kuwa umbo lake litaungua ndani na utaliona juu ya uso wa kila mtu atakayefuata. Kituo kilipofungwa usiku, baada ya wimbo wa taifa, walifunika lenzi kwa vifuniko kama unavyofunika chakula. Tangu siku hiyo, mkono wake ulipoanza kuzunguka, nilikuwa nikimwambia, "Tayari mzee, wamehamia kamera ya pili," naye alizungusha, akatulia, akalala.

Mwalimu (Nairobi)

Dada Mhudumu, nimesoma nikarudia. Mungu akuzidishie.

Mchango wangu ni mfupi. Nafundisha uandishi wa habari, na kila mwaka nawaonyesha wanafunzi kipindi cha chemshabongo cha Twenty-One cha NBC cha tarehe 5 Desemba 1956 bila kuwaambia lolote. Herbert Stempel na Charles Van Doren, kila mmoja katika kibanda chake cha kioo, wanafikiri, wanafuta jasho, wanauma midomo. Darasa zima humshangilia Van Doren, mhadhiri kijana wa Columbia, na hufurahi Stempel anapokosa swali la filamu bora ya 1955. Kisha nawaambia kwamba Stempel alilijua jibu hilo na aliagizwa akosee. Kwamba maswali na majibu waliyapata mapema. Na kwamba, kwa maelezo ya Stempel mwenyewe, hata jasho lilipangwa, kwa kuzimiwa kipoza hewa kibandani. Van Doren aliondoka na dola 129,000, na tarehe 2 Novemba 1959 akakiri mbele ya kamati ndogo ya Bunge.

Mwaka huu mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, walivunja sheria gani?" Nikamjibu kweli: wakati huo hakuna. Sheria ya kukataza chemshabongo za kupangwa ilikuja 1960. Akauliza tena, "Basi aliyeibiwa ni nani?" Nimelichukua swali hilo hadi nyumbani na bado ninalo. Fedha zilikuwa za mdhamini, muuzaji wa dawa ya kuongeza nguvu iitwayo Geritol, naye aliuza sana. Walioibiwa ni wale waliokuwa wakiomba dua sebuleni ili mtu wasiyemjua apate jibu.

Fundi wa Tanga (Houston)

Nilijifunza ufundi kwa redio za valvu, zile taa za kioo zilizotangulia transista, barabara ya kumi na mbili, Tanga, kwa hiyo niliponunua seti ya 1957 kwenye mauzo ya vitu vya uani hapa Houston, kwa bei ya chakula cha mchana, niliifungua kama mtu anayerudi nyumbani. Ndani ya kasha kuna karatasi iliyogundishwa yenye ramani ya valvu zote na namba zake. Mwenye nyumba alizing'oa zile alizozishuku, akazipeleka dukani kuzipima kwenye mashine, akanunua mpya. Seti ilitengenezwa ikijua kwamba itafunguliwa, na jambo hilo limeniingia moyoni kuliko uzuri wa mbao zake.

Nawaonya wanaotaka kujaribu: kapasita za karatasi na nta zimekufa zote, zibadilisheni kabla ya kuwasha, na umeme mpandishe polepole kwa transfoma ya kurekebishwa. Kioo chenyewe hulishwa zaidi ya volti 10,000 na huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kung'olewa ukutani. Kidude cha kuchagulia chaneli kinaanza na 2 hadi 13. Chaneli ya kwanza ilinyang'anywa televisheni mwaka 1948. Nilipoiwasha, sauti ilitangulia, kisha mwanga ukaja taratibu kama maji yanayopanda mchangani. Picha haikuwapo, maana matangazo ya analogia ya vituo vikubwa hapa yalizimwa tarehe 12 Juni 2009. Nimeifungia kigeuzi ili ipokee kutoka kwenye kompyuta. Mwanzisha mada, niambie niionyeshe nini.

Mwanzisha mada

Fundi, vilivyobaki ni vichache kuliko unavyodhani. Saa moja ya kanda ya Ampex iligharimu takriban dola 300, na uzuri wake ulikuwa kwamba inafutika, kwa hiyo walifuta na kurekodi juu yake, wiki baada ya wiki. Mara nyingi tulichonacho ni kile ambacho mtu fulani hakukirudisha kabatini. Nakushauri utafute kanda ya tarehe 22 Mei 1958, ya ufunguzi wa kituo cha WRC mjini Washington, ambayo ndiyo ya zamani zaidi ya rangi iliyosalia. Rais Eisenhower anahutubia. Kabla yake Robert Sarnoff wa NBC anazungumza katika picha ya nyeusi na nyeupe, kisha anabonyeza kitufe, na rangi zinajaa kiooni.

Fundi wa Tanga (Houston)

Nimeipata, na jana baada ya isha tuliitazama, mimi na mama watoto. Seti yangu ni ya nyeusi na nyeupe, kama zilivyokuwa karibu zote za mwaka ule, na mfumo wa rangi wa Marekani wa 1953 ulibuniwa ili seti za zamani zisitupwe, zipokee matangazo yale yale na kuyaonyesha bila rangi. Tukakaa. Sarnoff akaeleza kwa furaha jambo linalokuja, akanyoosha mkono, akabonyeza, akatabasamu. Mbele yetu kila kitu kilibaki vile vile, suti yake ya kijivu, ukuta wa kijivu, naye akisubiri kidogo ili tushangae.

Mama watoto akauliza, "Amewasha nini?" Nikamwambia, "Rangi." Akasogea karibu na kioo, akaendelea kumtazama.